Kilulu: Kilima Nilichokuwa Nakipita kwa Basi

Wanachuo wenzangu, tulipoambiwa tuchague eneo la fildi, mimi niliandika Kilimanjaro fasta. Mwalimu akaniuliza, "Kwenu wapi?" Nikamjibu Horohoro. "Na huko kwenu kuna kilima gani?" Nikabaki kimya. Kusema ukweli, niliona aibu.

Kumbe tangu utoto nakipita nikienda Tanga: Kilulu, wilayani Mkinga, kilima kisichofika hata mita 300 kutoka usawa wa bahari. Likizo ilipofika nikamwendea mjomba.

"Shikamoo mjomba. Nipeleke Kilulu."

"Marahaba. Kuna nini huko zaidi ya kuni?"

Tulianzia ofisi ya kijiji, maana huku ni jirani na mpaka, na mtu mwenye daftari lazima aulizwe maswali. Kisha tukapanda kabla jua halijawa kali.

Somo la kwanza nililipata njiani. Chini kuna mashamba; mteremko unapokuwa mkali jembe linashindwa, na hapo ndipo miti inapobaki. Misitu ya pwani, kuanzia kusini mwa Somalia hadi Msumbiji, imebaki vipande vipande namna hii, na baadhi ya mimea yake haioti kwingine kokote duniani.

Somo la pili lilikuwa juu. Kaskazini ni Kenya. Waingereza na Wajerumani walikubaliana mpaka huu mwaka 1886, wakaanzia mlango wa mto Umba. Lakini Wadigo wapo pande zote mbili, na msitu nao haugongi muhuri Horohoro. Kule Kenya, misitu ya kaya za Wamijikenda, iliyolindwa na wazee kwa miiko, iliingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2008.

Nikamwambia mjomba, "Na sisi tungelinda wetu." Hakujibu.

Tulipokuwa tunashuka tukakuta tanuri la mkaa, majivu bado ya moto. Nikatoa daftari niandike: wananchi wanaharibu mazingira. Mjomba akasema taratibu, "Andika tu, mwanangu. Ila ada yako ya semista ya kwanza, kabla bumu halijatoka, ilitoka hapo."

Sentensi ile sikuiandika. Niliandika bei ya gunia, karo, na mvua iliyokosekana mwaka ule. Ripoti ikawa ngumu zaidi, lakini ya kweli.

Ndugu msomaji, likizo hii panda kilima cha kwenu. Na kabla hujamhukumu mkata miti, uliza kwanza mkaa wake ulimsomesha nani.