SOMO LA MWEZI: MAWE JUU YA KABURI

Soma: Mwanzo 35:16–20



Raheli alipofariki njiani, Yakobo alisimamisha nguzo juu ya kaburi lake. Yakobo alikuwa mfugaji, mtu wa mahema. Alijua kwamba yeye atahama, bali jiwe litabaki.

Wafugaji wa kale wa nchi yetu nao walifanya hivyo. Kule nyanda za juu za kaskazini, ndani ya kreta ya Ngorongoro, yapo makaburi ya marundo ya mawe yaliyojengwa zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Mjerumani Hans Reck aliyachunguza mwaka 1913, na mwaka 1966 Mary Leakey alitoa taarifa ya uchimbaji mwingine. Chini ya mawe ilikutwa mifupa ya watu, pamoja na bakuli za mawe na shanga. Kuchonga bakuli la jiwe ni kazi ya siku nyingi, na mtu haliachi kaburini ila kwa heshima. Majina ya watu wale yamepotea, lakini twaona kwamba walipendwa.

Sasa tujitazame sisi wa Kariakoo. Jina hili limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza kilichopiga kambi hapa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Wapagazi maelfu kwa maelfu walikufa kwa maradhi, njaa na uchovu, na wengi hawakupata kaburi lenye jina. Sanamu ya Askari, iliyosimamishwa mjini mwaka 1927, inawakumbuka kwa jumla tu. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao Waafrika, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa.

Basi tujifunze. Wafugaji wasio na maandishi waliwatunza wafu wao, lakini dola yenye karani na daftari iliwasahau wapagazi wake. Kumheshimu marehemu hakutaki mali, kunataka moyo. Bwana wetu alimwita Lazaro kwa jina lake (Yohana 11:43), wala hakuna aliyesahauliwa mbele zake. Nasi tusiwasahau.

Maswali ya kujadili:

1. Tarehe 2 Novemba, tunapowaombea marehemu, je, tunawakumbuka wasio na ndugu?

2. Wapo wabeba mizigo sokoni leo. Ni wangapi tunaowajua kwa majina, wakiwa hai?