Samansi ya Talaka: Namna ya Kuhesabu Siku na Kuandika Barua

Mtu akiletewa samansi ya talaka, mara nyingi huikunja na kuitia mfukoni bila kuisoma mpaka mwisho. Wengine huona aibu, wengine hasira, na wengine hudhani kwamba hati isiyojibiwa haina nguvu. Hilo ni kosa kubwa. Samansi huonyesha idadi ya siku ambazo mwenye kushtakiwa amepewa ili aende kortini na kujibu, na siku hizo huanza kwenda, awe ameisoma hati au hakuisoma.

Chukua mfano wa mkulima wa nyanya huko Kiboko, kando ya barabara kuu ya Mombasa. Mkewe amerudi kwao, naye ameleta shauri katika Korti ya Hakimu, Makindu. Mkulima huyu akikaa kimya, ndoa haivunjwi siku hiyo hiyo, maana mleta shauri bado hana budi kutoa ushahidi. Lakini hakimu atasikia maneno ya upande mmoja tu. Kama mke amesema alipigwa, au alitupwa pamoja na watoto, hapana mtu wa kusema vingine. Mambo ya malezi ya watoto na matumizi yao yaweza kuamuliwa vivyo hivyo. Na ikiwa aliyeshtakiwa ni mke, hatari ni ile ile. Pengine ni kubwa zaidi, kwa kuwa mara nyingi yeye ndiye asiye na nauli wala fedha za wakili.

Basi yafaa kujua kuhesabu. Siku ile ambayo hati imepokewa haihesabiwi. Tuseme samansi inatoa siku 15, naye mkulima ameipokea Jumamosi, tarehe 1 Machi 2025. Siku ya kwanza ni Jumapili, tarehe 2, na siku ya kumi na tano ni Jumapili, tarehe 16. Kwa kuwa ofisi ya korti imefungwa Jumapili, majibu yakifika Jumatatu, tarehe 17, yamefika kwa wakati. Yakifika Jumanne yamechelewa.

Mwezi wa Desemba una hesabu yake. Wenye kazi Nairobi na Mombasa hurudi nyumbani Ukambani kwa Krismasi, na wengi hupewa hati wakati huo huo, kwa sababu ndipo wanapopatikana. Kwa Kanuni za Mashauri ya Madai za mwaka 2010, siku za tangu tarehe 21 Desemba hata tarehe 13 Januari hazihesabiwi. Aliyepewa siku 15 tarehe 15 Desemba amekwisha kutumia siku tano ifikapo tarehe 20. Siku ya sita ni tarehe 14 Januari, na ya mwisho ni tarehe 23 Januari. Hata hivyo hakimu aweza kuamuru vingine, na kanuni hiyo haifai pale ambapo korti imeombwa kutoa zuio la muda. Kwa hiyo mtu asiende kulala mpaka Januari bila kumwuliza karani.

Wala asidhani kwamba hati ni lazima iletwe na mtu mkononi. Tangu mwaka 2020 kanuni zimeruhusu samansi kupelekwa kwa barua pepe au kwa ujumbe wa simu. Mwenye kufuta ujumbe asioupenda aweza kuwa amefuta samansi.

Jambo linalowaponza wengi katika Ukamba ni baraza la wazee. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inaitambua ndoa ya kimila, nayo inaruhusu wenye ndoa hiyo kupatanishwa kwa njia ya mila kabla korti haijakata shauri. Ni jambo jema. Lakini wazee hukaa leo, wakaahirisha hata juma lijalo, wakarudi tena katika habari za mbuzi wa ntheo, na huku siku za korti zinakwenda. Kikao cha wazee hakizisimamishi. Mwenye kupatanishwa na ajibu samansi kwanza, kisha aijulishe korti kwamba mazungumzo yanaendelea.

Barua nayo ina mpaka wake. Kumwandikia hakimu barua ya kujieleza si kujibu madai, na barua ya kuomba muda haiongezi hata siku moja mpaka muda huo ukubaliwe. Barua ifaayo ni ile inayoandikwa mapema kwa wakili wa upande wa pili, ikiomba makubaliano yatakayopelekwa kortini. Iwe fupi, nayo itaje namba ya shauri, tarehe ya kupokea, tarehe ya mwisho, sababu, na siku zinazoombwa. Matusi na habari za wakwe hazina nafasi humo, kwa maana kila neno laweza kusomwa mbele ya hakimu. Mfano wake ni huu:

Kwa Wakili wa Mleta Shauri.
Shauri la Talaka Namba ..., Korti ya Hakimu, Makindu.

Bwana,
Mimi ndimi niliyeshtakiwa katika shauri hili. Nilipokea samansi tarehe 1 Machi 2025, na siku nilizopewa zitakwisha tarehe 17 Machi. Nimepata wakili tarehe 10 Machi, naye anahitaji muda wa kuzisoma hati. Naomba ukubali niongezewe siku saba, hata tarehe 24 Machi. Ukikubali, tafadhali utie sahihi makubaliano yaliyoambatanishwa, ili yafike kortini kabla ya tarehe 17. Barua hii si majibu yangu, wala sikubali kwayo neno lolote la madai.
Wako mtiifu,
(Sahihi)
Nakala: Karani wa Korti, Makindu.

Nakala moja ibaki nyumbani, ikiwa na mhuri au sahihi ya aliyeipokea. Ikiwa wakili yule hajibu, mwombaji asingoje. Apeleke ombi rasmi kortini, pamoja na hati ya kiapo, kabla siku hazijaisha.

Na kama zimekwisha kupita, mlango haujafungwa kabisa. Kanuni zinaipa korti uwezo wa kuongeza muda hata baada ya muda kupita, lakini ni lazima sababu ya kuchelewa ielezwe na kuthibitishwa. Aliyelazwa hospitali alete cheti, na aliyekuwa safarini aonyeshe tiketi. Pamoja na ombi hilo aambatanishe majibu anayotaka kuyatoa, ili hakimu aone kwamba ana neno la kusikizwa.