Kanisa Likifungwa, Limekuwa Ukumbi?

Februari 2023 Kanisa Kuu la Geita lilivamiwa usiku, na vitu vitakatifu vikaharibiwa. Askofu Flavian Kassala alilifunga kwa siku 20. Machi 18 likafunguliwa. Kufungwa huko hakukuliondolea jengo utakatifu wake. Kanuni ya 1211 inadai ibada ya toba kwanza, ndipo Misa irudi.

Kanisa la kigango kilichobaki bila watu ni jambo jingine. Katika ukanda wetu tunalijua: dhahabu ikiisha, wachimbaji huhama, mabati na mabenchi hubaki. Je, halmashauri ya kigango inaweza kuamua liwe darasa la chekechea au ukumbi wa vikoba? Haiwezi. Kanuni ya 1222 inampa Askofu mamlaka hayo. Na kama jengo bado ni zima, lazima ziwepo sababu nzito, Baraza la Mapadre lisikilizwe, wenye haki juu yake wakubali, na wokovu wa roho usidhurike. Matumizi mapya yasiwe ya aibu: darasa sawa, baa hapana.

Altare, hata hivyo, haifuati jengo. Kwa kanuni ya 1238, hubaki imewekwa wakfu hata kanisa likigeuzwa ukumbi. Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla ya kupanga viti, ulizeni altare itahamia wapi.