ZANA RAHISI ZA KOMPYUTA: ZINAFUNDISHA AU ZINADUMAZA?



Ndugu mwanafunzi, wapo vijana hapa Butimba wanaopenda kujifunza kuandika programu za kompyuta. Wazazi nao huuliza: je, zana zilizorahisishwa kwa wanaoanza zinamfundisha mtoto, au zinamzoesha uvivu?

MFANO TUNAOUJUA
Misahafu ya mwanzo iliandikwa bila irabu. Uislamu ulipowafikia wasiokuwa Waarabu, makosa ya kusoma yaliongezeka. Abul-Aswad Ad-Duali (aliyefariki mwaka 69 Hijria) akaweka nukta za kuonyesha irabu. Baadaye Al-Khalil bin Ahmad akaleta alama za fataha, kasra na dhumma tunazozisoma leo. Alama hizo zilifungua mlango. Lakini anayetaka kusoma vitabu vya fiqhi visivyo na irabu hana budi ajifunze nahau na sarfu. Ama anayesoma Yasini kwa herufi za Kilatini tu, huyo hafiki mbali, kwani herufi hizo kwa kawaida hazitofautishi sini na swadi.

FAIDA
Kompyuta hufahamu 0 na 1 tu. Maandishi ya programu hutafsiriwa na kompaila, huunganishwa na sehemu nyingine zilizokwisha andikwa, kisha hupelekwa kwenye kifaa. Arduino, iliyoanza Italia mwaka 2005, hufanya yote hayo kwa kubonyeza kitufe kimoja. Scratch, iliyotolewa na chuo cha MIT cha Marekani mwaka 2007, humwezesha mtoto kupanga vipande vya amri, hata kwa Kiswahili. Siku ya kwanza tu taa inawaka, na hamu ya kusoma inazidi.

MADHARA
Kitufe kinaficha kazi. Katika Arduino mwanafunzi huandika sehemu mbili tu, "setup" na "loop". Zana yenyewe huongeza sehemu ya "main", ambayo huita ile ya kwanza mara moja na ya pili bila kukoma. Asiyelijua hili, siku kosa likitokea hajui kama liko katika maandishi yake, katika mipangilio au katika waya. Akikabidhiwa kazi za watu, amebeba amana asiyoiweza.

USHAURI
1. Anza na zana rahisi bila kuona aibu.
2. Ukizoea, ingia kwenye mipangilio ya Arduino, ruhusu maelezo ya kompaila yaonekane, uyasome hatua kwa hatua.
3. Kisha andika programu fupi ya lugha ya C, uitafsiri mwenyewe kwa kuandika amri.
4. Mzazi, usiishie kuuliza, "Umemaliza?" Mwambie, "Nieleze inavyofanya kazi."

Basi zana inayokupeleka kwenye elimu yenyewe ni kama irabu, itumie. Inayokutosheleza usiendelee mbele, iogope.

MASWALI
(a) Kompaila hufanya kazi gani?
(b) Taja jambo moja ambalo Arduino humfichia mwanafunzi.
(c) Kuna tofauti gani kati ya irabu na herufi za Kilatini kwa msomaji wa Qur'ani?

Wabillahi tawfiq.