Mwimbaji wa tena huiva lini?

Swali: Mwimbaji wa tena katika opera husomea nini, na kwa muda gani?

Jibu: Tena ni sauti ya kiume ya juu, na haikomazwi kwa haraka. Kwa mfano, mwimbaji wa tena Luciano Pavarotti, aliyezaliwa Modena, Italia, mwaka 1935, alikuwa mtoto wa mwoka mikate ambaye naye aliimba sauti ya tena kanisani na kwayani. Akiwa na miaka 19 alianza masomo kwa Arrigo Pola, ambaye hakumtoza ada. Mwanzoni hakupewa nyimbo. Aliimba irabu na kupanda ngazi za noti, siku baada ya siku. Baadaye alifundishwa na Ettore Campogalliani. Riziki aliipata kwa kufundisha shule ya msingi, kisha kuuza bima, kazi mbaya kwa koo kwa kuwa ni ya kuongea kutwa.

Tarehe 29 Aprili 1961 aliimba nafasi ya Rodolfo katika opera ya La bohème mjini Reggio Emilia. Hata hivyo, kupanda jukwaani si kuhitimu. Mwaka 1965, wakizunguka Australia na mwimbaji Joan Sutherland, alikuwa akiweka viganja chini ya mbavu za mwenzake huyo ili ahisi misuli inavyoibeba pumzi. Hapo ndipo palipo kiini cha fani: koo lililokazwa huchoka, pumzi iliyoshikiliwa vizuri hudumu. Mwaka 1972, katika ukumbi wa Metropolitan, New York, alitoa noti ya do ya juu mara tisa ndani ya wimbo mmoja. Opera yake ya mwisho humo, Tosca, aliiimba mwaka 2004, akiwa na miaka 68.