Kuusoma Mji kwa Macho

Ndugu wasomaji, na ninyi kaka zetu mliokwisha kuaga shule hii, wengi wetu hupita Kampala tuendapo na turudipo likizo. Tukiulizwa tumeona nini, twajibu: magari na watu. Katika somo hili nataka kuonyesha kwamba mji waweza kusomwa kama kitabu, na kwamba baadhi ya kurasa zake zinafutwa.

Tuanze na Sanamu ya Uhuru iliyo katika Nile Avenue. Urefu wake wapata futi 20. Ni mama aliyezungushiwa vitambaa mwilini kama majeruhi, naye anamwinua mtoto juu. Mtoto ndiye taifa lililozaliwa tarehe 9 Oktoba 1962, na vitambaa ni vifungo vya ukoloni. Hayo kila mwalimu wa historia atakwambia. Lakini wewe nenda ukasimame chini yake, usitazame kutoka dirishani mwa gari. Jicho lako litaanza kwenye vile vitambaa, lipande polepole mwilini mwa mama, mwisho lifike kwa mtoto na mbingu iliyo nyuma yake. Kisha jiulize kwa nini mama bado amefungwa. Mchongaji angeweza kumwonyesha akiwa amekwisha kufunguliwa, hana alama yo yote. Hakufanya hivyo. Mama wake hakungoja kufunguliwa ndipo amwinue mwanawe. Kwa maoni yangu hapo ndipo penye uzito wa kazi ile, na mtu apitaye mbio hapaoni kabisa.

Je, nani aliyeichonga? Ni Gregory Maloba, mwana wa Kenya. Alijifunza sanaa Makerere kwa Bibi Margaret Trowell, ambaye mwaka 1937 alikuwa ameanza kufundisha barazani kwake, na baadaye Maloba mwenyewe akawa mwalimu pale pale. Angalieni tarehe: Kenya ilipata uhuru tarehe 12 Desemba 1963. Basi mtu huyu alichonga uhuru wa jirani yake kabla nchi yake haijapata wake! Asiye na nauli ya kwenda Kampala na atazame noti za Uganda zilizotolewa tangu 2010. Sanamu hiyo imechapwa humo.

Karibu na Bunge iko sanamu nyingine, kazi ya mwanamke, Maria Naita, iliyowekwa kwa ajili ya mkutano wa Jumuiya ya Madola wa mwaka 2007. Hapo tunaona baba, mama na mtoto wakipiga hatua pamoja. Yule mtoto wa 1962 aliinuliwa. Huyu anatembea kwa miguu yake. Mimi napenda zaidi ya kwanza, lakini yafaa kuzitazama zote mbili siku moja. Chukua penseli na karatasi, maana kupiga picha karibu na majengo ya serikali kwaweza kukuletea maswali mengi.

Si kazi zote hudumu kama sanamu. Mwaka 2012 yaliwekwa makontena 12 mahali mbalimbali mjini, kila moja likiwa na kazi ya msanii mmoja, na mpita njia aliingia bila kulipa wala kuvaa suti. Mwaka 2014 wasanii walizipamba bodaboda, na kazi zao zikawa zinazunguka mjini pamoja na abiria. Leo huwezi kuyaona tena mahali pake.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Ziko kazi ambazo hakuna azungushiaye uzio: kibao cha kinyozi chenye vichwa vitano, kila kimoja na mtindo wake, ng'ombe mwenye tabasamu juu ya duka la nyama (sijui anafurahia nini), maneno ya hekima na ya majivuno nyuma ya taksi. Fundi wa vibao hana shahada, lakini amejua jambo ambalo wengi wetu tunalisahau tuandikapo insha: msomaji wake anapita, hatasimama. Kwa hiyo herufi ni kubwa, rangi ni mbili au tatu, na maneno ni machache.

Siku hizi makampuni hupaka safu nzima ya maduka rangi moja, rangi ya kampuni, na jina lake likaandikwa kubwa kuliko la mwenye duka. Mwenye duka simlaumu, kwani amepata ukuta mpya bila senti. Lakini fundi amepoteza kazi, na mpita njia hawezi tena kumtambua muuza dawa na mshona viatu mpaka aingie ndani. Barabara iliyo chini ya lango letu ilikuwa na vibao tisa vilivyochorwa kwa mkono nilipoingia kidato cha kwanza. Juma lililopita nilihesabu vitatu.

Basi naomba kila mwanafunzi, na kila kaka aliyeko mjini, aandike ukurasa mmoja: mahali, kitu chenyewe, kimetengenezwa kwa nini, jina la fundi likijulikana, na tarehe aliyokiona. Mchoro ukiwapo ni bora zaidi. Kurasa zote ziletwe kwa mhariri wa sehemu ya Kiswahili kabla ya mitihani. Walio hapa shuleni waanze na kile kibao cha kinyozi, na waende Jumamosi hii, maana ngazi za wapaka rangi zimekwisha kufika duka la pili kutoka kwake.