Dawa za Wadudu Mwilini: Kwa Nini Kipimo Kimoja Hakitoshi

Katika fleti za Ganjoni, dawa ya mbu huchomwa usiku kucha, ya mende hupulizwa jikoni, na mchana huliwa sukuma wiki iliyonyunyiziwa dawa shambani. Kila mara ni kiasi kidogo. Je, mwaka ukiisha mwili umepokea kiasi gani?

Jibu hutegemea aina ya dawa. DDT, iliyopigwa marufuku katika kilimo nchini Kenya mwaka 1986, hukaa kwenye mafuta ya mwili kwa miaka mingi. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani (WHO) na UNEP, yenye makao yake Nairobi, huifuatilia kupitia maziwa ya mama. Hata hivyo mama asiache kunyonyesha. WHO yenyewe inasisitiza anyonyeshe.

Dawa nyingi za siku hizi haziko hivyo. Zile zilizotengenezwa kwa mfano wa pareto, ambazo ndizo zimo katika dawa nyingi za mbu, hutoka kwa mkojo ndani ya siku chache. Anayepuliza chumba kila Jumamosi akipimwa Ijumaa anaweza kuonekana hana kitu. Kwa hiyo watafiti hupima mkojo wa mtu yule yule mara kadhaa. Wengine humvisha bangili ya silikoni, inayonyonya kemikali za hewani na za kwenye ngozi; mbinu hiyo ilianzia Chuo Kikuu cha Oregon State, Marekani, na imetumiwa kwa wakulima wa Senegal. Haionyeshi alichokula.

Kwa wanaopuliza dawa kama kazi, kuna kipimo cha damu cha kolinesterasi, kimeng'enya kinachoshuka mtu akipata sumu ya organofosfati. Viwango vya watu hutofautiana sana, hivyo mfanyakazi apimwe kabla ya kuanza kazi. Bila hivyo hakuna cha kulinganisha.

Nyumbani, daftari linatosha: tarehe, jina la dawa, chumba, na nani alikuwamo, hasa mtoto anayetambaa, kwani dawa hutua sakafuni. Andika pia nambari ya usajili inayoanza na PCPB. Dawa ya kunguni iliyotiwa kwenye chupa ya soda haina nambari hiyo, na daktari hatajua ni sumu gani.

Mtu akitokwa mate na jasho jingi, akatapika au akapumua kwa shida baada ya dawa kupulizwa, apelekwe hospitali mara moja, pamoja na chupa yenyewe.